PVDF au PES: utando upi unavumilia soda kali?

Mchuja_Maji: Wadau, tunachuja maji machafu yenye mafuta na protini kwa tando za PVDF (plastiki yenye florini). Tunaziosha kwa soda kali (alkali) ya moto, pH 12. Sasa zimegeuka hudhurungi na zikikunjwa zinakatika. Muuzaji anasisitiza kuwa PVDF haishindwi na kemikali. Nibaki nayo, nihamie PES (plastiki nyingine ya tando), au nilipie PTFE (ile ya Teflon)?

KemiaHai: Rangi hiyo ndiyo jibu, ndugu. PVDF inasifika kwa haki mbele ya asidi na klorini, lakini alkali ni adui yake. Kwenye mnyororo wake, kaboni yenye haidrojeni mbili hukaa jirani na kaboni yenye florini mbili. Florini huvuta elektroni kwa nguvu, haidrojeni za jirani zikalegea. Ioni ya haidroksidi iliyomo kwenye soda hunyakua haidrojeni moja, florini nayo huachia, na kati ya kaboni hizo inabaki bondi maradufu. Bondi hiyo hulegeza haidrojeni zinazofuata, basi uharibifu hutambaa kwenye mnyororo. Bondi maradufu zikipangana ndipo hudhurungi hutokea, kisha weusi. Hakuna uoshaji utakaorudisha nguvu iliyopotea.

Fundi Pampu: Mimi ningeenda PES. Imeundwa kwa pete za benzini, oksijeni na salfoni, na haidroksidi haipati pa kuing'ata kirahisi. Kwa kawaida huruhusiwa hadi pH 13. Angalizo ni klorini. PES nyingi huchanganywa na PVP (polima inayopenda maji) ili zipende maji, na haipokloriti, yaani klorini ya kuoshea, huila hiyo PVP. Ikiisha, uchafu wa mafuta unaganda haraka kuliko mwanzo. Tando za asetati ya selulosi usizifikirie kabisa, bondi zake za esta huvunjwa na alkali.

Mto_Safi: Mkuu, kabla ya kubadilisha tando badilisha uoshaji. Kutoka pH 12 kwenda 10, haidroksidi inapungua mara 100. Punguza na joto pia. Protini zinaweza kuondolewa kwa vimeng'enya vinavyofanya kazi kwenye alkali hafifu. PVDF mpya ingedumu hapo.

Fundi Pampu: Kwa protini sawa. Mafuta mazito je? Hapo soda hafifu mara nyingi haitoshi, na utando uliooshwa nusunusu nao ni hasara.

Mchuja_Maji: Na PTFE? Halafu, baada ya kuosha maji yanapita kwa wingi kuliko zamani. Nilidhani ni dalili njema.

KemiaHai: La, huenda vitundu vimepanuka au nyuzi za utando zimepasuka. Pima tope upande wa maji yaliyochujwa leo hii. PTFE haina haidrojeni, kwa hiyo mashambulizi niliyoeleza hayana pa kuanzia. Ila kwa asili hukataa maji, hivyo hupakwa tabaka la kuyapenda. Muulize muuzaji tabaka hilo linavumilia pH ngapi, maana hapo ndipo penye udhaifu.

Mto_Safi: Msisahau gasketi (vizibo vya maungio)! Za mpira wa Viton wa kawaida zina kiungo kilekile cha PVDF, nazo huliwa na alkali. Mpira wa EPDM huvumilia soda lakini huvimba kwenye mafuta ya petroli. Kagua pia gundi inayoshika nyuzi kwenye vichwa vya moduli (kasha linalobeba tando).

Mchuja_Maji: Nachukua PES. Kwanza nitaloweka vipande vyake kwenye soda yetu, joto lilelile tunaloshea, nivivute nivilinganishe na visivyolowekwa. Gasketi naagiza za PTFE.