Wanasheria wa kike wa Tanga mlio serikalini, tupeane uzoefu: kuanzia chuo hadi kituo cha kazi

Bint Chumbageni: Wadau habarini. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, kang'ang'ania sheria. Baba hataki kusikia, eti mwanamke akijua vifungu vya sheria nyumba haikaliki. Nawaomba wenye uzoefu mwandike, asome yeye na baba asome.

Naanza mie. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka minne, na kesi iliyonikaa kichwani mpaka leo ni ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983. Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Wengi huishia hapo na kushangilia. Soma hadi mwisho: Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, maana mume alishampa fedha za kujenga nyumba naye akazitumia kwingine, majaji wakahesabu kuwa fungu lake keshalichukua.

Sasa ni afisa sheria wa halmashauri. Kazi yangu ni mikataba, sheria ndogo na kesi za ardhi, ila akina mama wananifuata mlangoni na za ndoa. Siwezi kuwasimamia, mwajiri wangu ni halmashauri. Nawaelekeza kwa wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2017. Lakini kwanza nawauliza: risiti zipo? Somo la Bi Hawa hilo.

Mama Raskazoni: Dada, digrii siyo kituo cha mwisho, mwambie bibie mapema. Akitaka uwakili atapita Shule ya Sheria, Dar. Yale matokeo ya 2022 yaliyozua kelele nchi nzima, watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26. Sapu, yaani wa kurudia mitihani, 342; waliobaki disko, yaani walifeli na kuondolewa. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe. Mie niliingia baadaye, nina mtoto anayenyonya. Mama alifunga nyumba Ngamiani akaja kunilelea. Nilikuwa naandaa hati za madai usiku huku mtoto mgongoni. Kufaulu nikafaulu, ila cheti kile nusu yake ni cha mama.

Mheshimiwa wa Mwanzo: Mie sikupita huko. Nilianza na stashahada Chuo cha Uongozi wa Mahakama, hapo hapo Lushoto kwetu. Baridi yake usiombe!

Sasa ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, na kesi ninazokutana nazo zaidi ni mirathi. Marehemu kaacha nyumba moja, wake wawili, na kaka mtu anayesema kiwanja ni cha ukoo. Wazee wa baraza wananisaidia sana, maana wanajua nani mtoto wa nani. Chuoni hawakunifundisha kuishi mtaani na watu niliowaamulia. Sokoni Mgandini sipunguziwi bei tena: nikipunguziwa, kesho muuzaji ana shauri mbele yangu. Kuna aliyeniletea kapu la machungwa ya Muheza baada ya hukumu. Nikalirudisha, akanuna, na mkwewe akanuna. Hadi leo salamu za mkato.

Mjomba wa Pongwe: Mwambieni huyo baba kuwa Julie Manning alikuwa Waziri wa Sheria tangu 1975. Na Spika wa 2022, Tulia Ackson, ni mwanasheria. Atulie.

Wakili Msomi wa Kike: Mjomba umemaliza, hahaha. Mie ni wakili wa serikali upande wa mashtaka. Kabla ya ajira nilikaa bila kazi hadi nikaanza kuuza vitenge. Usaili wa Utumishi, wa ajira za serikali, ni foleni, ajiandae. Kazi naipenda, hata kesi za ubakaji zinazoninyima usingizi. Kinachonishinda ni umbali: kituo kiko kanda ya ziwa, mume na watoto wako Tanga. Aliyewahi kupata uhamisho wa kufuata mwenza, alipitisha barua kwa nani kwanza? Na ilichukua muda gani?