Sanduku la GPS linadai niko mbali kilomita 904, nami nimesimama langoni pa Fort Jesus

ShangaziKibokoni
Assalaam aleikum mafundi. Watoto wa kaka yangu wanateremka kutoka Nairobi kuja kwetu Mombasa Desemba, na safari hii sitaki washinde kitandani na simu. Nawatengenezea sanduku la fumbo: kasha dogo la mbambakofi, komeo liko ndani na linasukumwa na mota ya servo, SG90. Juu kuna kitufe kimoja na skrini ya mistari miwili. Ukibonyeza, moduli ya GPS (NEO-6M) inatafuta ulipo, kisha skrini inaandika umbali uliobaki. Upande haisemi. Ukifika mahali penyewe, komeo linarudi na kasha linafunguka. Ndani kuna Arduino Nano, kompyuta ndogo mno ya kuongoza vyote hivyo, na programu nimeiandika kwa TinyGPS++, maktaba ya msimbo wa kusomea GPS. Wana mibonyezo 30, ikiisha basi.

Shida ni mbili. Pale langoni pa Fort Jesus, ndipo nilipopachagua, linaniambia kilomita 904. Nikalipeleka Nyali, likasema 900! Namba za mahali nilizoandika ni 4.0628, 39.6797, na nimehakikisha kwenye ramani. Pili, mara nyingine komeo likianza kusogea skrini inafifia, kila kitu kinaanza upya na hesabu inarudi 30. Betri ni ile ya mraba ya volti 9. Watoto wale wajanja, wakiligundua hilo la pili nimekwisha.

FundiRedio_Tanga
Waalaikum salaam Bi Shangazi. Gawa 904 kwa 111, maana nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Unapata nyuzi 8 na kitu. Nusu yake ni 4 na kitu, ndiyo latitudo yako yenyewe. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo andika -4.0628. Bila ile alama ya kutoa kasha lako linawasubiri watoto Ethiopia, ng'ambo kidogo ya Moyale. Ndiyo maana ulipokwenda Nyali, kaskazini, umbali ukapungua.

Betri ya mraba itoe leo hii. Inafaa kengele ya moshi, si mota. Servo ikianza kuzunguka inavuta mamia ya miliampea kwa mkupuo, betri ile haiwezi, volti zinaporomoka na Arduino inajiwasha upya. Tia AA nne za kuchajiwa, jumla volti 4.8, kwenye pini ya 5V, na karibu na servo lehemu kapasita ya kuhifadhi chaji, maikrofaradi 1000. Waya wa umeme wa servo utoke kwenye betri zenyewe, usipite kwenye Nano. Hesabu ya mibonyezo iandike kwenye EEPROM, kumbukumbu iliyo ndani ya Nano, haifutiki umeme ukikatika.

Na GPS isipopata setilaiti usiwakate mbonyezo. Ikiwashwa baada ya kulala sana inaweza kutaka nusu dakika au zaidi, tena uwanjani.

MwalimuWaRamani
Shangazi, unajua hiyo maktaba unayotumia imetoka wapi? Mikal Hart wa Marekani ndiye aliyeiandika, na ndiye aliyetengeneza sanduku la namna hii mwaka 2009, zawadi ya harusi ya rafiki yake aliyehamia Ufaransa. Yeye aliwapa maharusi mibonyezo 50. Watu wakaliita jiokeshi ya kinyumenyume: katika jiokeshi ya kawaida unapewa namba za mahali ukatafute kibweta, hapa kibweta unacho mkononi na mahali ndipo pa kutafutwa.

Ulivyoficha upande umefanya vizuri mno, usishawishike kuweka mshale. Wape ramani ya karatasi na bikari. Wakibonyeza Nyali wanachora duara la umbali ule. Wakibonyeza Changamwe wanachora la pili, na maduara mawili hukatana mahali pawili. Kwa mji mwingine wangehitaji la tatu. Kwenu kisiwani, bahati ikiwapendelea, mahali pamojawapo patakuwa baharini na watapafuta wenyewe bila kuambiwa. GPS nayo hufanya hesabu za namna hiyo, ila maduara yake ni matufe na vitovu vyake viko angani. Mimi darasani hilo hunichukua vipindi viwili na bado nusu yao wanasinzia.

30 ni nyingi. Punguza ziwe 15.

NahodhaWaLikoni
Mimi neno langu ni moja. Kitu chenye waya, betri na skrini kisiachwe peke yake popote mjini. Kisiachwe feri, kisiachwe sokoni, wala chini ya benchi pale Fort Jesus. Mtu akikiona hatafikiria mchezo, ataita polisi, naye atakuwa hana kosa. Liwe mkononi mwa mtu mzima muda wote, na juu lichorwe kwa herufi kubwa: MCHEZO WA WATOTO, pamoja na namba yako ya simu.

ShangaziKibokoni
Ethiopia! Kaka, nimecheka mpaka jirani kachungulia. Nimetia alama ya kutoa, sasa linasema mita 12. Na nahodha nimekusikia, nitalibeba mwenyewe.

Ila hapa kwetu Kibokoni, Mji wa Kale, nikilijaribu kichochoroni namba zinarukaruka, mara mita 60, mara 140, nami sijapiga hatua. Na je, betri zikifa kasha limefungwa? Sitaki kuvunja mbambakofi.

FundiRedio_Tanga
Vichochoro vyenu vyembamba na nyumba ndefu, mawimbi yanagonga kuta kabla ya kufika kwenye antena. Hamishia fumbo Mama Ngina, pale ufukweni kwenye mibuyu, mbingu ziko wazi. Sehemu ya kufungukia iwe mita 40 kuzunguka mahali penyewe, ukiweka 5 mtazunguka mpaka jua litue.

Betri zikifa: toboa chini ya kasha, pitisha skrubu mbili za shaba zilizounganishwa na waya za betri, kichwa kimoja kikiwa chanya na kingine hasi. Ukitaka kufungua unagusisha betri nyingine nne kama hizo kwa nje. Zikae mbalimbali, zisije zikaguswa na ufunguo mmoja. Umeme peke yake hautoshi, programu itaanza tu kuuliza GPS, kwa hiyo ficha swichi ya sumaku ndani ya ubao, ikihisi sumaku wakati wa kuwaka, servo ifungue bila maswali. Weka swichi mbili, pembe mbili tofauti, zote zihisi kwa pamoja. Simu za siku hizi nyingine zina sumaku mgongoni, na wale wa Nairobi watalipangusia kasha kila kitu walicho nacho.