Gesti Mikindani: nichimbe shimo la pili, niendelee na gari la majitaka, au nijenge kitalu cha matete?

MwenyeGesti
Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nina gesti ya vyumba 10 Mikindani ya Mtwara, kutoka ufukweni ni mwendo wa kumaliza sigara. Majitaka ya vyooni, bafuni na jikoni yanaingia kwenye tangi la vyumba viwili, halafu yanakwenda kwenye shimo la kunywea la futi 10, tofali zimepangwa kwa kuachiana nafasi. Mwaka wa kwanza shimo lilikunywa vizuri. Sasa linajaa. Mwezi uliopita nimeita gari la majitaka mara mbili, na mara ya pili nilikuwa sina mgeni hata mmoja kwa siku nne! Kuna mteja alifungua dirisha la chumba namba 7, akalifunga hapo hapo bila kusema neno. Asubuhi akahama.

Nyuma nimebakiwa na eneo la mita 12 kwa 6, linashuka kidogo kuelekea kwenye migomba. Kichwani nina njia tatu kama nilivyoandika hapo juu; kitalu cha matete ni lile karo la kokoto lililopandwa matete, majitaka yanapita humo yakisafishwa. Mnieleze mliofanya, si mliosikia.

Kuchele
Chimba la pili, umalize. Mchanga wa pwani unakunywa mpaka bahari. Hayo matete ni ya wazungu wenye mradi.

FundiChemba
Kuchele, mchanga unakunywa kama kuna pakavu chini yake. Mkuu MwenyeGesti, kabla ya kulinganisha chochote nijibu mambo mawili. La kwanza, tope la kwenye tangi lilinyonywa lini? La pili, siku zile nne ambazo hukuwa na wageni, bahari ilikuwa bamvua (maji yanajaa sana, kama siku za mbalamwezi kamili) au maji mafu (yanajaa kidogo)?

MwenyeGesti
Tangi halijawahi kunyonywa, kaka. Gari linanyonya shimo, maana ndiko kunakojaa. Bahari sikuangalia, mimi mtu wa gesti sio wa ngalawa.

FundiChemba
Mwe! Basi umekuwa unalipia gari likusombee maji ya chumvi.

Nieleze polepole. Tangi kazi yake ni kutuliza: uzito unakwenda chini, mafuta yanaelea juu, ya katikati ndiyo yanayotoka. Tope likipanda mpaka karibu na tundu la kutokea, linatoka pamoja na maji na kwenda kuziba ukuta wa shimo. Ukichungulia utaona utando mweusi unaoteleza kama kambale. Shimo la pili litakufa kwa ugonjwa huo huo, labda mwaka mmoja baadaye.

La bamvua ni jingine. Karibu na bahari, maji ya ardhini nayo yanapanda na kushuka yakifuata maji kujaa na kupwa, hasa kwenye mchanga na mawe ya matumbawe. Kata mwanzi mrefu, uchore alama kila shibiri, uchomeke kwenye shimo siku ya mbalamwezi kamili. Rudia wiki moja baadaye. Usitumie choo cha karibu siku hizo, uone nani anayejaza.

BwanaAfyaMstaafu
Naongezea la afya, maana hapo mnazungumza maji tu. Shimo linalokutana na maji ya ardhini si shimo tena, ni bomba la kupeleka kinyesi kwenye kisima cha jirani. Sisi tulikuwa tunasisitiza mita 30 kutoka kisimani, na chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu. Kwa Mikindani kwenye viwanja vya chini hiyo huipati.

Halafu mbu. Tangi na shimo lenye upenyo ndiyo nyumba ya kyuleksi, na huyo ndiye anayesambaza matende na mabusha huku kwetu pwani. Makunduchi kule Unguja, miaka ya mwisho ya 1980, walimwaga punje za polistairini, ile plastiki nyepesi inayoelea, juu ya maji ya mashimo ya vyoo, mbu wakashindwa kuzaliana. Kwa hiyo chochote utakachojenga, funika chemba na uweke wavu kwenye bomba la hewa. Wavu ni kitu cha bei ndogo, sijui kwa nini watu wanaukimbia.

Mitwero_Lindi
Kaka, mimi nilisimamia ujenzi wa kitalu cha matete kwenye bweni, na ninakitunza mpaka leo. Si mambo ya wazungu peke yao: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya utafiti wake miaka mingi, na Moshi kipo kwenye mabwawa ya majitaka. Ingawa Kuchele ana robo ya ukweli, aliyeanza majaribio haya ni mama wa Kijerumani, Käthe Seidel, miaka ya 1950.

Kwa hesabu yako: tuseme watu 20 gesti ikijaa, lita 100 kila mmoja, ni lita 2,000 kwa siku. Kitalu cha mita 10 kwa 3, kokoto kina cha sentimita 60, maji yakae sentimita 50. Hiyo ni mita za ujazo 15, lakini nafasi kati ya mawe ni kama asilimia 40, kwa hiyo maji halisi ni mita za ujazo 6. Yanakaa siku 3 kabla ya kutoka. Kwa joto letu inatosha; huko kwenye baridi wanahitaji eneo kubwa zaidi.

Maji hayaonekani. Yanapita chini ya kokoto, juu unakanyaga pakavu, kwa hiyo mbu hana pa kutagia na harufu haipo. Kinachosafisha hasa ni vijidudu vilivyoshika kwenye mawe na mizizi, matete yanawasaidia.

Sasa ubaya wake, maana umesema mliofanya. Mwaka wa kwanza mbuzi walikula machipukizi yote, tukapanda upya na kuweka uzio wa miba. Mwaka wa pili mwanzo wa kitalu uliziba, maji yakaanza kuonekana juu. Sababu ilikuwa ile ile ya Fundi: tangi halikunyonywa, na jikoni hapakuwa na chemba ya kunasa mafuta. Tulifukua mita moja ya kwanza kwa majembe, tukaosha mawe moja moja karibu wiki nzima. Sitaki kuikumbuka harufu ile.

Kuchele
Kwa hiyo gari la majitaka bado litakuja?

Mitwero_Lindi
Litakuja, ila kwa tangi, na mara chache sana kuliko mara mbili kwa mwezi. Asiyekubali hilo asijenge.

MmakondeWaNewala
Msituchukulie wote ni watu wa pwani jamani. Huku juu uwandani shimo la kawaida linatosha, maji ya ardhini yako mbali mno. Kwangu kitalu ningekijenga kwa sababu nyingine kabisa: maji ni shida, na kuyatupa shimoni roho inaniuma. Mimi nauliza, yanayotoka naweza kumwagilia mchicha?

BwanaAfyaMstaafu
Mchicha hapana! Kitalu kinapunguza uchafu sana, lakini hata vijidudu vikipungua asilimia 99, ile moja iliyobaki kwenye majitaka bado ni mamilioni. Migomba, minazi, miti ya mbao, sawa, tena maji yapite chini kwenye mtaro uliofukiwa. Kitu kinacholiwa kibichi au kinachogusa udongo, usijaribu.

KoroshoBoy
Na sisi wa kubangua je? Tuna maji ya kuoshea yenye mafuta ya ganda.

Mitwero_Lindi
Hayo usiyalete kabisa. Mafuta ya ganda la korosho yanakuunguza mkono, sembuse vijidudu. Utaua kitalu chote. Fungua uzi wako, tusiharibu wa mwenzetu.

MwenyeGesti
Nimerudi, samahanini kwa kimya. Nimepima kwa mwanzi. Siku ya mbalamwezi kamili, choo kimefungwa, maji kwenye shimo yalipanda mpaka shibiri mbili chini ya mfuniko. Wiki moja baadaye yalikuwa yameshuka shibiri tano zaidi. Niliyaonja kwa ulimi… natania, mke wangu angenifukuza. Lakini shimo la pili nimelifuta kichwani. Gari limenyonya tangi jana, tope lilikuwa limepita nusu, na kile kipande cha bomba chenye umbo la T kwenye tundu la kutokea hakipo. Sijui kama kiliwahi kuwepo.

FundiChemba
Hakikuwepo. Aliyejenga alibana hela. Rudisha T ya nchi nne, na mkiwa mmemaliza kunyonya chunguza kuta: kama bamvua inaingia mpaka tangini, piga lipu upya, la sivyo kitalu kitabeba bahari.

Kitalu usikichimbe, kinyanyue. Kwa kuwa kiwanja kinashuka, jenga kuta za tofali upande wa chini ili sakafu ibaki juu ya maji ya bamvua, na uweke mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita. Chini tandika turubai zito. Bomba la kutokea lifunge elbo inayozunguka: ukiilaza maji yanashuka, ukiisimamisha yanapanda. Matete yakiwa machanga yaachie maji yapande, yakishashika unashusha.

Mitwero_Lindi
Na maji ya paa yasiingie. Mvua ya milimita 50 kwenye kitalu hicho pekee ni lita 1,500, karibu majitaka ya siku nzima. Ukiongeza na bati zako, masika kitakuwa kinasukuma uchafu nje.

MwenyeGesti
Nimewaelewa wakuu. Kokoto sasa. Kuna jamaa ananiuzia ya mawe ya matumbawe kwa bei nzuri.

FundiChemba
Bei nzuri kwake. Mengi ya hayo ni laini, yanasagika na vumbi lake linaziba. Kabla lori halijamwaga, chota viganja viwili utie kwenye ndoo ya maji, ukoroge. Maji yakiwa kama togwa, mwambie dereva ageuze.