Kuongeza nguvu gari ya tabo kunaua injini?

Wa Fuoni: Asalaam alaykum. Nna Subaru Forester ya tabo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), ishatembea kilomita 140,000. Fundi ataka kunibadilishia programu ya kompyuta ya injini ipate nguvu. Haitakufa mapema? Ndiyo inayompeleka mama hospitali Mnazi Mmoja.

Fundi, Mwanakwerekwe: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Programu ile huongeza presha ya tabo. Joto hupanda, na petroli ikiwa ya oktani ndogo, yaani ile inayolipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga, mwisho pistoni hupasuka. Kwa kilomita hizo, pima kwanza kompresheni, yaani nguvu ya kugandamiza hewa, ya silinda zote nne.

Dereva, Nungwi: Yangu niliongeza kidogo tu. Oili kila kilomita 5,000, na nikifika siizimi papo hapo, naiacha ingurume dakika moja tabo ipoe. Lakini gari ya mama, kaka, usiiguse.