The Ropers, wanandoa waliohamia uzunguni wakakatishwa mapema: tupeane uzoefu

MbebaBoksi

Wakuu, habari za siku nyingi. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Columbus, Ohio. Nahudumia wazee majumbani, na bibi ninayekesha naye hapati usingizi, kwa hiyo usiku kucha tunatazama chaneli inayorudia vipindi vya zamani. Ndiko nilikokutana na The Ropers.

Kwa asiyeijua: mwaka 1977 ABC, kituo cha TV cha Marekani, ilianza kurusha Three's Company, kichekesho cha kijana mmoja na wasichana wawili waliopanga nyumba moja Santa Monica. Mwenye nyumba wao, Stanley Roper, ni mkono wa birika, na kila usiku anamkwepa mkewe Helen kwa kisingizio kipya. Helen naye hanyamazi, kila neno lake lina mwiba. Watu waliwapenda mpaka Machi 1979 wakapewa kipindi chao wenyewe. Stanley anauza jengo, wanahamia Cheviot Hills, uzunguni kwa Los Angeles. Jirani yao ni dalali wa nyumba, Jeffrey Brookes, anayeamini hawa wawili wataushusha mtaa thamani. Mke wa Brookes, Anne, yeye anapatana na Helen. Ndoa mbili mlango kwa mlango, waume hawaivi chungu kimoja, wake zao ni marafiki. Zilitoka episodi 28 tu, kikazimwa Mei 1980.

Kinachonikosesha raha ni yaliyompata Norman Fell, aliyecheza Stanley. Alikuwa pazuri. Januari 1979 alipata tuzo ya Golden Globe kwa nafasi hiyohiyo ya mwenye nyumba. Hakutaka kuhama, akaweka sharti: kipindi kipya kikifa ndani ya mwaka mmoja, yeye na Audra Lindley, aliyecheza Helen, warudi walikotoka. Kikafa baada ya mwaka na miezi miwili. Kule nafasi ilishajazwa na mwigizaji mwingine, Don Knotts. Fell aliamini kwamba waliokuwa juu yake walisubiri makusudi mwaka upite.

Mimi nilikuwa mtunza stoo Arusha, kazi ya miaka sita. Mwaka 2014 mkurugenzi akaniomba nikasimamie tawi jipya Babati, likishindwa kiti changu kipo. Mke wangu aliuliza mara moja tu: "Imeandikwa?" Nikamjibu imeandikwa. Haikuandikwa. Niliona haya kumdai karatasi mtu aliyenishika mkono. Tawi lilifungwa mwezi wa nane, na stoo nikakuta kijana mwingine, ufunguo kautundika shingoni kama nilivyokuwa nautundika mimi. Mke wangu hadi leo yuko Arusha na watoto, nami niko huku. Sijawahi kumwambia kwamba ile karatasi haikuwepo.

Aliyeitazama The Ropers, au ile ya Uingereza iliyoizaa, George and Mildred, aseme ilimgusa wapi. Ya ndoa, ya kuhama, ya majirani, yote yanakaribishwa.

Mtoto wa Kisumu

Pole sana ndugu yangu. Kwetu ilikuwa George and Mildred, na nyumba nzima tulikaa mbele yake. Sisi ni Wahindi wa Kisumu, tulifika Leicester nikiwa na miaka saba. Kiswahili tulikuja nacho, na mama alikitumia hadi mwisho wa uhai wake kila alipotaka wenye maduka wasimwelewe.

Baba alinunua nyumba mwaka 1977, mtaa ambao hapakuwa na familia nyingine kama yetu. Jirani alikuwa akihesabu viatu mlangoni petu. Nilimwona kwa macho yangu, midomo ikicheza, moja, mbili, tatu. Siku moja akaja amefunga tai kutueleza, kwa upole mwingi, kwamba harufu ya vitunguu vyetu inavuka ua.

Na miaka ileile, kwenye kituo cha ITV, ndani ya George and Mildred, kulikuwa na Jeffrey Fourmile wa Hampton Wick, dalali wa nyumba, roho juu kwa sababu George Roper asiye na kazi amehamia mlango wa pili na pikipiki yake ya kigari cha pembeni. Baba alikuwa hajacheka tangu tuondoke Kisumu. Kwa Fourmile alicheka mpaka akashika mbavu, na Kiingereza chenyewe alikuwa bado anakifuata kwa mbali. Kilichomshangaza ni kwamba George alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa palepale, na bado anaangaliwa vile. Alituuliza kwa Kiswahili: "Kumbe na wao kwa wao?" Kuanzia hapo akawa anamsalimia yule jirani kila asubuhi, kwa sauti, bila kuinamisha kichwa. Sisemi walikuwa marafiki. Lakini baba aliacha kuingiza viatu ndani kwa ajili yake.

Mama alikuwa mtu wa Mildred, mke wa George. Yootha Joyce, aliyemcheza, alipofariki Agosti 1980, siku nne baada ya kutimiza miaka 53, mama aliacha masufuria kwenye maji akaenda kukaa ngazini. Kipindi kilikuwa kimefika episodi 38, na bila yeye hapakuwa na la kuendeleza. Mama hakuwa na shoga mtaani, mzungu wala Mhindi. Alikuwa na Mildred. Mwaka jana nilipoona Brian Murphy, yule George, amefariki Februari 2025 akiwa na miaka 92, nilimpigia kaka yangu Toronto. Hatukusema mengi. Alinikumbusha kile kiti cha baba, kile cha mbao, alichokivuta karibu na TV kila kipindi kilipoanza.

Kijiti

Samahani wadau, mimi sijaelewa kitu kimoja. Kama watu waliwapenda hao Ropers, kwa nini kipindi kilikufa haraka hivyo?

Mhariri wa Picha

Kijiti, jibu liko kwenye ratiba. Msimu wa kwanza walikuwa Jumanne, usiku uleule wa Three's Company, kwa hiyo mtazamaji alikuwa tayari kitini. Kikaingia kumi bora. Msimu wa pili wakakihamishia Jumamosi saa mbili usiku, mbali na mama yake, Three's Company, uso kwa uso na CHiPs ya kituo cha NBC, ile ya polisi wa pikipiki. Watazamaji wakateremka hadi karibu na mkia. Ukiziangalia episodi zenyewe, uigizaji haukushuka hata kidogo.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa mhariri kwenye kichekesho cha wanandoa wanne wa estate moja pembeni mwa Thika Road. Tulipiga episodi kumi na tatu. Sita za kwanza zilitoka Jumapili jioni, baada ya taarifa ya habari, na makanga walikuwa wanatupigia kelele za majina ya wahusika barabarani. Kisha kituo, sitakitaja, kikatuhamishia katikati ya wiki saa tano usiku bila hata kuandika kwenye skrini kwamba tumehama. Shangazi yangu wa Murang'a alikaa Jumapili mbili akisubiri, akadhani TV yake imeharibika, akampelekea fundi pesa. Waigizaji wetu wawili, waliocheza bwana na bibi wakubwa, walikuwa wamekataa kazi nyingine ili wamalize na sisi. Yule mama alinipigia simu kuuliza kama kosa lilikuwa lake, kama labda alizidisha sauti. Nilimwambia hapana. Nikarudia hapana. Sidhani aliniamini.

Kwa hiyo MbebaBoksi, Fell alifanya jambo la busara kuomba sharti. Ila mwaka mmoja ni muda ambao mwenye kalenda ndiye anayeuhesabu.

Bint Makadara

Assalaam aleikum nyote. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Marekani na bwanangu. Ropers niliwajua kwa ajabu.

Jumamosi moja nalitoka kununua maziwa, nimevaa dera langu la kawaida, lile la maua makubwa, na ushanga mrefu alonipa mamangu. Mbele ya mkahawa nikakuta umati, wanawake kwa wanaume, wote wamevaa madera! Yaani madera kabisa, mapana, marefu, ya maua. Na vichwani nywele za bandia za rangi ya machungwa, zimejikunja. Waliponiona wakapiga vigelegele, wakanivuta kati, wakanipiga picha. Mmoja akaniambia nimempatia Mrs. Roper vizuri kuliko wote. Nikacheka nao, lakini sikujua ni nani huyo.

Usiku nikauliza, nikaambiwa ni Helen Roper, na yale ni matembezi yanayofanywa miji mingi sasa, yalianza New Orleans mwaka 2013. Mwanamke wa kipindi kilichozimwa mwaka 1980, na watu ambao wengine hawakuwa wamezaliwa wanavaa nguo yake barabarani. Nikakaa nikakitazama.

Wacha niwaambie nilichokiona. Helen kila siku kavaa. Rangi, ushanga, hereni, nywele zimepangwa. Na Stanley hamtazami. Anasema neno lake la kejeli kisha anaigeukia kamera anaitabasamia, kana kwamba sisi ndio wa nyumbani mwake. Watu wanacheka. Mimi nalimuona mamangu. Kila magharibi mamangu akioga, akajifukiza udi, akavaa dera lililopigwa pasi, kikuba cha asumini kifuani, na babangu akiingia, gazeti, chai, kulala. Miaka thelathini na moja. Siku alipokufa babangu, mamangu alitoka eda na dera la rangi ya samawati, na sote tukadhani ni furaha ya kumaliza eda. Akatwambia lilikuwepo kabatini miaka tisa, alikuwa akingoja aulizwe umelinunua wapi.

Wale watu wa kwenye mkahawa, labda wao ndio waliomtazama Helen. Nimekwenda nao mara mbili tangu hapo. Bwanangu alinisindikiza ya pili, akabeba mkoba wangu.

MamaD wa Madale

Bint Makadara umeniliza, dada. Yangu ni fupi. Tulihama Buguruni kwenda Madale, nyumba yetu wenyewe, haijaisha plasta. Nilikwenda na kuku wangu kumi na wawili. Jirani mwenye geti la umeme alimtuma mlinzi aje aniambie huku hatufugi. Mume wangu alitaka tuwauze. Aliyetuokoa ni mke wa huyohuyo jirani, alikuja jioni kwa mlango wa nyuma na bakuli, anataka mayai ya kienyeji. Sasa ni miaka minne, waume zetu bado wanapungiana mkono tu, sisi tunachekea ukutani kila siku. Nikisoma habari za Anne na Helen naona kama mtu alipita Madale akaandika.

MbebaBoksi

Nimesoma yote mara mbili, asanteni. Mtoto wa Kisumu, hicho kiti cha mbao nimekiona kabisa.

Kuna jambo sikulimalizia kuhusu Fell na Lindley. Mwaka 1981 walirudi Three's Company, episodi moja tu, kama wageni. Tuliitazama na bibi wiki iliyopita. Wanaingia kwenye jengo lililokuwa lao, ukumbi unapiga makofi, nao wanacheza kana kwamba hawajawahi kuondoka. Bibi aliniomba niongeze sauti.

Jana nilimpigia mke wangu nikamwambia habari ya karatasi. Alikaa kimya kidogo akasema alishajua, maana ningekuwa nayo ningemwonyesha siku ileile. Kisha nikamsomea ujumbe wa Bint Makadara wote. Akaniuliza kama niliiona picha aliyonitumia Jumapili. Nikasema niliiona. Akaniuliza amevaa nini.

Nilikuwa nimewaangalia watoto tu. Nimeifungua tena sasa hivi. Ni gauni la kitenge cha kijani, lina ndege weupe, na mikono yake ni ya kukunja. Ni jipya. Nampigia nimuulize amelishonea wapi.