Chenso na jenereta zenye lebo ya moshi ya Marekani, zinafaa Mafinga?

Spea_Mafinga: Kamwene wakuu. Chenso na jenereta mpya zinakuja na lebo ya EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani. Skrubu za kabureta zimefunikwa vikofia vya plastiki, na nyingine zina katalisti (kifaa cha kusafisha moshi) ndani ya ekzosi. Wapasua mbao wa Sao Hill wanataka vikofia ving'olewe, wanadai mashine imebanwa. Je, ving'olewe? Na kanuni zenyewe zinasemaje?

Mdau_Uyole: Viwango vya sasa vya EPA vilipitishwa 2008. Injini isiyoshikwa mkononi yenye 225 cc au zaidi hairuhusiwi kuzidi gramu 8 za hidrokaboni na oksidi za nitrojeni kwa kilowati-saa. Ya chini ya hapo, kama ya jenereta ndogo, gramu 10. Chenso ya 50 cc kwenda juu imeachiwa 72. Pengo hilo linatokana na chenso kuwa na injini ya tustroki: mlango wa moshi na wa mchanganyiko wa hewa na petroli hubaki wazi kwa pamoja, hivyo petroli nyingine inatoka mbichi.

California imekaza zaidi. Kuanzia modeli za 2024, injini mpya nyingi zisizozidi kilowati 19 zinatakiwa zisitoe moshi kabisa. Jenereta zimepewa hadi 2028. Lakini chenso za 45 cc kwenda juu, yaani hizo za Sao Hill, hazimo. Mashine za zamani nazo ruksa kutumika.

Kabureta_Mwanjelwa: Mkuu, kinachobana ni mwinuko. Mafinga iko juu ya mita 1,800, na injini hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kila mita 300. Hapo tayari asilimia 20 imekwenda. Hewa ikiwa nyepesi na kabureta ikimwaga petroli ileile, mchanganyiko unazidi petroli. Uking'oa kikofia na kufungua H (skrubu ya petroli ya mwendo wa juu) unaongeza tatizo: moshi mweusi, plagi yenye masizi, katalisti inapata joto kupita kiasi.

Safisha chujio la hewa kwanza (nusu ya kesi huishia hapo), weka plagi 0.5 mm, pasha injini moto. Rekebisha L (skrubu ya petroli ya mwendo wa chini) mpaka injini itulie, kisha skrubu ya kasi ya sailensa ili mnyororo usizunguke wenyewe. Mwisho zungusha H kidogokidogo kulia, ndani ya mipaka ya kikofia. Ukibana kifyatuo cha mafuta mpaka mwisho bila mzigo, isikike ikigugumia. Ikianza kukata gogo, sauti isafike. Ikilia kwa ukali bila kugugumia umebana mno.

Mashine ikishushwa Usangu, rudisha H. Kwenye tustroki oili inakuja na petroli, kwa hiyo petroli ikipungua oili nayo inapungua, injini inanoki. Jenereta za fostroki mara nyingi hazina skrubu ya H. Badilisha jeti kuu (kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta), weka ndogo.

Msitu_Njombe: Msisahau pia suala la oili ya tustroki. Uwiano wa 50:1 (petroli kwa oili) ni mililita 20 kwa lita, au 100 kwa lita 5. Wengi wanamimina mara mbili "kwa usalama", tena oili ya gari, ambayo huacha majivu yanayoziba wavu wa ekzosi. Halafu oili ikizidi, petroli kwenye mchanganyiko inapungua, na mpangilio wote wa H hapo juu unavurugika. Chagua kopo lililoandikwa JASO FD, daraja la Kijapani la oili ya tustroki.

Spea_Mafinga: Ndaga sana. Vikofia vinabaki. Naagiza jeti.