Imani yako inaonekanaje kazini? Tupeane uzoefu, hasa tulio Moshi na Arusha

Mleta mada: Bwana Yesu asifiwe. Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo.

Naanza mimi. Nauza maharage na mahindi Mbuyuni, Moshi. Mama aliyeniachia meza aliniachia na sado yake, kile kindoo cha plastiki cha kupimia nafaka. Siku moja naiosha, mkono ukagusa kitako kwa ndani: kimepashwa moto kikasukumwa juu. Nikaijaza maharage pomoni, nikayamimina kwenye sado mpya ya jirani. Yaliishia vidole viwili chini ya mdomo. Miezi minne nimepimia watu na sado ile, na kila Jumapili niko kwaya!

Mithali 11:1, ile ya mizani ya hadaa, niliikariri tangu madarasa ya kipaimara. Usiku ule ndipo iliponifikia. Asubuhi nikanunua sado nyingine. Ila kwa kipimo kamili ilibidi nipandishe bei, na mteja haangalii kitako, anasikia bei. Wengi walihama. Wale niliowakumbuka nikawa nawaongezea viganja viwili kila wakija. Mama ntilie mmoja akauliza mbona nyongeza siku hizi, nikamweleza ukweli. Alininunia kama wiki mbili, halafu akarudi.

Wapendwa, tusiletee hapa zile za "nilimtii Mungu biashara ikapaa" tu. Hata iliyokugharimu, iandike.

Mchangiaji (mpagazi): Amina dada. Geti la Machame, la kupandia Kilimanjaro, mzigo unapimwa, mwisho kilo 20 kwa mpagazi. Mkishapita mizani, vitu vinaanza kuhama begi. Nilipopanda cheo kuwa msaidizi wa mwongozaji, mimi ndiye niliyeambiwa nivihamishe. Kulikuwa na kijana safari yake ya kwanza, buti za kuazima zinampwaya, akaongezewa mtungi wa gesi. Nilitamani ninyamaze, maana aliyeagiza ndiye anayeniita kazini. Nikaubeba mwenyewe mpaka kambi ya Shira. Sikuhubiri neno. Safari mbili zilizofuata sikuitwa.

Mchangiaji (fundi cherehani, Ngarenaro, Arusha): Mimi dhambi yangu ilikuwa "njoo Ijumaa", huku kitambaa sijakigusa. Mama mmoja alisubiri gauni la kipaimara la binti yake Jumamosi hadi saa nne usiku, mtoto amelala kwenye kiti changu, na kesho yake ndiyo ibada. Napiga pasi huku machozi yananilenga. Mtume Paulo naye alikuwa fundi, alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Nikawaza, mtu angekuja kuchukua hema lake angeambiwa njoo kesho? Sasa natumia daftari. Wiki ikijaa namwambia mteja imejaa, aende kwa mwingine. Kipato kimeshuka kidogo, hilo ni kweli.

Mleta mada: Fundi, ubarikiwe. Kaka mpagazi, yule kijana bado anapanda?

Mpagazi: Anapanda. Juzi tulikutana getini, ana buti zake.